Mkono Chini ya Kichwa cha Mashine

Mimi ndiye niliyekuwa na kidole juu ya kitufe chekundu siku ile, kwa hiyo habari hii naweza kuisimulia bila kuitia chumvi. Yale nisiyoyaona kwa macho yangu, Bai Lyuben alinieleza mwenyewe baadaye, na hakujipendelea.

Naitwa Totka. Mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minne kwenye mashine namba sita, katika kiwanda kimoja cha sehemu za pampu hapa Gabrovo, Bulgaria. Ni mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Meza yake inakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na juu yake kuna kichwa kizito chenye kikataji, kinachopanda na kushuka. Kila mwendo, ambao sisi tunauita mhimili, una mota yake ya servo, yaani mota inayojua imefika wapi na inayojisahihisha yenyewe. Mota moja ikishindwa kufuata amri, mashine yote inasimama, kioo kinawaka maandishi mekundu, na kazi inalala. Hapo ndipo alipokuwa akiitwa Bai Lyuben.

Bai tunamwita mwanamume aliyetutangulia umri, na yeye alikuwa ametutangulia karibu wote. Lyuben Hadzhikolev, miaka hamsini na sita, mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuingiza kichwa kwenye makabati ya umeme. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi umeme wetu wa pekee. Kwenye kila mashine alibandika karatasi yenye namba yake ya simu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ungempigia hata Jumapili, yuko uani kwake anachoma pilipili za kusaga, naye angekuja mikono inanuka moshi. Hakuna aliyemuuliza alichokuwa akifanya ndani ya kabati. Aliingia, akatoka, mashine ikatembea. Injinia Karadimov, mkuu wetu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu ndiye daktari wetu. Bai Lyuben aliinamisha uso kama mtu mwenye haya, lakini sikio alilitega vizuri asikose hata neno.

Mwezi wa Septemba akaja Vihra.

Vihra Stamatova ni mtoto wa hapa hapa Gabrovo, wakati ule ana miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amekaa Austria miaka saba katika kiwanda kinachounda mashine kama zetu, akarudi kwa sababu mama yake alipata kiharusi. Karadimov alimwajiri siku ile ile aliyoleta barua. Alikuja na kompyuta ya mkononi, mita ndogo ya umeme, na tabia moja iliyomkera Bai Lyuben tangu mwanzo: alikuwa anaeleza. Akitengeneza kitu, alimwita mwenye mashine na kumwonyesha kilichoharibika na kwa nini.

Wiki ya pili, mashine ya kukereza iligoma. Mota ya mhimili mmoja ilikuwa inaruka ruka kama mtu mwenye kwikwi. Bai Lyuben alikuwa kwa daktari wa meno. Vihra aligundua kwa dakika ishirini kwamba plagi ya waya unaopeleka habari za mota ilikuwa imelegea na kuingia mafuta. Akaisafisha, akaifunga, kazi ikaendelea. Vijana wa zamu wakampigia makofi. Bai Lyuben aliporudi, shavu limevimba, akasimuliwa na watu watatu mmoja baada ya mwingine.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. "Sasa mnaweza kunizika."

Tukacheka. Tulidhani ni utani.

Kumbe kijicho kilikuwa kimeshaanza. Aliniambia baadaye kwamba toka siku ile alikuwa akihesabu. Jina la Vihra likiitwa kwenye kipaza sauti mara nne na lake mara mbili, alikwenda nyumbani akakosa hamu ya kula. Alimwona Karadimov akinywa kahawa na Vihra dirishani, akajiuliza lini mara ya mwisho yeye aliitwa kahawa. Mbele ya watu alimwita "Mwaustria", hata akiwa amesimama karibu naye. Kisha ofisi ikatoa karatasi mpya za kubandika kwenye mashine, zimechapwa vizuri, zina namba mbili, na ya Vihra iko juu. Bai Lyuben alikwenda kuuliza. Msichana wa ofisini akamjibu kwa upole kwamba wamefuata alfabeti tu, kwa kuwa katika alfabeti yetu ya Kibulgaria herufi ya Vihra inatangulia ya Lyuben.

"Tangu lini alfabeti ikajua umeme?" alisema, akaondoka. Lakini karatasi zake za zamani alizibandua mwenyewe, moja moja, akaziweka mfukoni.

Mwanzoni mwa Februari mashine yangu ikaanza matatizo. Nikiwa katikati ya kazi, kichwa kinasimama, kioo kinaandika kwamba mota ya mhimili wa kupanda na kushuka imezidiwa mzigo. Unasubiri nusu saa ipoe, unawasha, inafanya kazi, halafu inarudia. Wakati huo Vihra alikuwa likizo, mama yake amelazwa tena. Bai Lyuben akaja amekunja mikono ya shati, na nilimwona anavyofurahi. Hii ilikuwa yake.

Siwezi kusema alifanya kazi ovyo. Mle kabatini, kila mota ina kisanduku chake kinachoilisha umeme. Alichukua kile cha mota ya kichwa akakibadilisha na cha mota ya meza, kwa sababu vinafanana. Kama ubovu ungehamia kwenye meza, kisanduku ndicho kibaya. Haukuhama. Ulibaki pale pale kwenye kichwa.

"Basi ni mota," akamwambia Karadimov.

Mota mpya ya namna ile ni bei ya gari, na sisi wa Gabrovo nchi nzima inajua jinsi tunavyoachana na senti kwa uchungu. Karadimov alishika kichwa, lakini akaagiza. Mota ikafika, Bai Lyuben akaifunga peke yake, na kwa siku nne mashine ikatembea kama mpya. Karadimov akampeleka kahawa. Vihra aliporudi kazini alimpongeza, na Bai Lyuben akamwambia mbele yetu sote, "Hii hawafundishi Austria, binti. Hii ni pua tu." Siku ile alileta banitsa, ule mkate wetu wa tabaka wenye jibini, kutoka nyumbani, akaigawa mpaka getini.

Siku ya tano kioo kikawaka tena. Maandishi yale yale.

Zikafuata wiki tatu mbaya. Alibadilisha mafuta, akakaza kila skrubu, akasema ni joto, akasema ni umeme wa mji. Kila asubuhi alinisalimia bila kunitazama. Tarehe mosi Machi, Vihra alipita akitufunga wote mkononi uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha majira ya kuchipua, kama desturi yetu. Alimfunga na Bai Lyuben. Saa moja baadaye niliuona ule uzi umefungwa kwenye mpini wa jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani.

Mwishowe Karadimov alimwambia Vihra aitazame namba sita. Alimwambia mbele ya Bai Lyuben, na sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka tu.

Vihra hakufungua kabati. Alikuja na bakuli lake la supu ya maharage wakati wa chakula cha mchana, akaketi kando yangu.

"Dada Totka, wewe ndiye unayekaa nayo mchana kutwa," akasema. "Inagoma ukiwa unafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafikiri. Nikamwambia kwamba nikichonga nyumba za pampu, yale maganda ya nje yaliyo marefu, kichwa kinafanya kazi kikiwa juu, na hainisumbui. Nikichonga vifuniko, ambavyo ni bapa, kichwa kinashuka karibu na meza, na hapo ndipo inapogoma. Hata zile siku nne baada ya mota mpya, nilikuwa nachonga nyumba za pampu peke yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Bai Lyuben alikuwa meza ya nyuma yetu, na alisikia kila neno. Aliniambia kwamba pale pale alijua tatizo liko wapi. Nyaya za mota ya kichwa zinapita ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujikunjua kadiri kichwa kinavyopanda na kushuka. Majira ya baridi mawili kabla ya hapo kebo ya breki ilikatika ndani ya mnyororo huo. Aliomba kebo nyingine, ofisi ikamwambia asubiri bajeti, naye kwa sababu kazi ilikuwa imesimama akaunga waya, akauviringishia tepu nyeusi, akakusudia kurudi. Hakurudi. Kichwa kikishuka chini kabisa, mnyororo unajikunja mahali pale pale palipo na kiungo.

Na breki yenyewe, kwa asiyejua, inafanya kazi kinyume cha breki ya gari. Umeme ukiwepo, inaachia. Umeme ukikatika, inabana, ili kichwa kisianguke kwa uzito wake. Umeme ukifika nusu nusu kwa sababu ya kiungo kibovu, breki haiachii sawasawa, mota inazunguka huku imekabwa. Ndiyo maana ilikuwa inazidiwa.

Angeweza kugeuka kwenye kiti chake na kusema. Maneno mawili tu, naye angekuwa daktari tena. Lakini maneno hayo yangesema pia kwamba mota ya bei ya gari ilinunuliwa bure, na kwamba ugonjwa aliuacha yeye. Na angeyasema mbele ya Vihra. Akaamua kunyamaza. Alipiga hesabu kwamba Vihra atahangaika siku mbili tatu, atashindwa, na Jumamosi yeye atakuja peke yake, atabadilisha kebo, na Jumatatu watakuta mashine imepona.

"Nilitaka ashindwe, Totka," aliniambia. "Kichwa cha mashine hata sikukiwaza. Niliuwaza uso wake."

Kesho yake asubuhi Vihra akaanza. Aliniomba nikipandishe kichwa na kukishusha polepole, yeye akitazama kwenye kioo mota inavyobeba mzigo. Juu, asilimia thelathini. Chini, themanini na tano. Akakuna kidevu.

"Kuna kitu kinaikaba," akasema. "Ama skrubu inayokiendesha kichwa, ama breki."

Bai Lyuben alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, mikono kifuani. Hakuitwa, alikuja mwenyewe. Vihra akamgeukia kwa adabu, kama mtu anavyomwuliza aliyemzidi umri.

"Bai Lyuben, kebo ya breki imewahi kuguswa? Kuungwa, kufunguliwa, chochote?"

"Ni ile ile iliyokuja na mashine."

"Una uhakika?"

"Nimekaa na mashine hii kabla hujajua kufunga kamba za viatu."

Vihra alitabasamu, akaamini. Kwa nini asiamini? Akasema basi kebo itakuwa ya mwisho, aanze na skrubu. Akafungua kinga ya mbele, akalala ubavu mezani, akapitisha mkono chini ya kichwa mpaka kwenye bega, ili aishike skrubu na kusikia kama imekauka grisi. Kichwa kile kina uzito wa fahali. Kilikuwa kimening'inia shubiri mbili juu ya mkono wake, kimeshikiliwa na mota.

"Dada Totka, kata umeme wa mota. Kitufe chekundu."

Nikaweka kidole.

Kuna sheria ya kuweka gogo chini ya kichwa kabla mtu hajaingiza mkono. Vihra anaijua kuliko mimi, na hili baadaye alilikubali bila kujitetea. Lakini mota ilikuwa ya wiki tatu, na breki imo ndani ya mota, kwa hiyo nayo ni ya wiki tatu. Aliiamini breki mpya. Asichokijua ni kwamba wiki tatu zote breki ile ilikuwa ikisugua mota inapozunguka, nayo imeundwa kwa kushikilia tu. Bai Lyuben alijua. Aliona mkono wenye kucha nyeusi za grisi, umelala chini ya chuma, na aliniambia kwamba kwa muda wa pumzi moja hakufanya kitu. Pumzi moja nzima. Hiyo ndiyo aliyoirudia mara nyingi zaidi aliponisimulia.

Kisha nikasikia kiganja chake kimenibana kifundo cha mkono mpaka mfupa ukauma.

"Toa mkono!" alipiga kelele. "Vihra, toa mkono!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita kwa jina. Vihra akajivuta nje, kiwiko kikagonga ukingo wa meza, akabaki amekaa sakafuni anatutazama. Bai Lyuben alikwenda kwenye kona, akaleta gogo la mwaloni, akalisimamisha chini ya kichwa. Akarudi, akaniachia mkono.

"Sasa bonyeza."

Nikabonyeza. Kichwa kikashuka. Hakikuteleza taratibu, kilianguka, kikapiga gogo kwa mlio ambao watu wa upande wa pili wa jengo waliusikia. Gogo likapasuka ufa kutoka juu hadi chini, lakini likashikilia.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kidole kile kilikuwa changu.

Vihra aliinuka, akatazama gogo, akatazama mkono wake, akakunja na kukunjua vidole.

"Breki hii ni mpya," akasema polepole.

"Ilikuwa mpya," Bai Lyuben akajibu. "Imesugika. Kebo ina kiungo, niliunga mimi miaka miwili iliyopita. Umeme haufiki wote."

"Nimekuuliza sasa hivi."

"Najua."

"Ukasema haijaguswa."

"Najua nilichosema."

Nilidhani atampiga kofi, na ningekuwa mimi ningempiga. Vihra alichukua mita yake. Aliweka breki kwenye umeme, akapima kabatini, volti ishirini na nne. Akakiinua kichwa kwa mota, akakishusha chini, akapima kwenye plagi ya mota, kumi na tano. Wakaufungua mnyororo wa plastiki pamoja, mmoja anashika huku na mwingine kule. Kiungo kilikuwa kimegeuka kijani, nyuzi tatu tu ndizo zilizoshikana.

"Hukunipenda tangu siku ya kwanza," Vihra akasema akiwa ameinama. "Hilo nililijua, nikasema potelea mbali, kila kiwanda kina mzee wa namna hii. Lakini sikujua kama ungefika hapa."

"Hata mimi sikujua."

"Kwa Karadimov mimi siendi. Utakwenda wewe. Leo."

Alikwenda. Nilimwona akipanda ngazi za ofisi ameshika kile kipande cha kebo mkononi kama mtu anayepeleka panya aliyekufa. Alikaa humo karibu saa nzima. Hakuficha kitu, wala kiungo, wala uongo, wala sababu. Karadimov baadaye aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Alimpa Bai Lyuben onyo la maandishi, akamwondolea usimamizi wa mashine zote kumi na moja, akaukabidhi kwa Vihra. Wengine walisema alipaswa kufukuzwa. Vihra alipoulizwa maoni alisema hilo si lake kuamua, na zaidi ya hapo hakumtetea.

Breki mpya na kebo mpya vilifungwa wiki iliyofuata. Mashine namba sita haijasumbua tena kwa upande huo. Vihra alipata michirizi ya damu kwenye kiwiko kwa kujigonga, basi, hakuna zaidi. Mimi nilipata tabia ya kutazama chini ya kila kitu kinachoning'inia kabla sijabonyeza chochote, hata nyumbani kwenye mashine ya kufulia, mume wangu ananicheka.

Bai Lyuben amebaki nasi. Anachukua amri kutoka kwa mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini na mitano, na Vihra humpa amri hizo kwa ufupi na kwa heshima, kama anavyowapa wengine. Hawanywi kahawa pamoja. Miezi mingi ilipita kabla hajanisimulia upande wake. Tulikuwa tumeketi kwenye ukuta mfupi nje ya kiwanda, zamu imekwisha, tukisubiri mvua ipungue. Nilimwuliza kama sasa angalau moyo wake umetulia.

Kabla hajajibu, kipaza sauti kikamwita Vihra kwenda mashine ya kukereza. Nilimwona akikaza taya.

"Umeona?" akasema. "Bado inauma. Kila wakimwita, inauma. Nilidhani baada ya siku ile itakufa, nimwonee aibu tu, nimwonee na huruma. Aibu ipo. Na wivu upo, Totka, upo vilevile."

"Sasa unafanya nini nao?"

Akavuta kola ya koti, akashuka ukutani.

"Nakwenda nikamshikie taa," akasema. "Kabati la mashine ile lina giza, na yeye hajui fyuzi ya nyuma ilipo."

Akarudi ndani.